Bi Chaja Hanyanyuki

Mchwe! Huo ni mfyonyo wangu wa kwanza tangu alasiri, na si wa mwisho. Msinikimbize. Acheni kwanza nimeze hii kahawa, maana kisa chenyewe nikikitoa na kahawa mdomoni nitawachafua kanzu.

Jana nilinyamaza, mkashangaa, na haki yenu kushangaa. Mimi kunyamaza hapa maskani ni nadra kama feri ya Likoni kukosa foleni. Yule jirani yetu aliyempeleka mkewe hospitali alirudi akifyonya toka alipoteremka tuktuk mpaka hapa benchini, akakaa, akatangaza kwamba wauguzi wa nchi hii wote wavivu. Wote! Na nyinyi mkadakia. Fundi wa redio akasema washinda na simu. Mzee wetu wa Nevi akasema wangekuwa melini wangetoswa baharini. Hata huyu muuza kahawa, ambaye dele lake hupoa kabla hajanyanyuka kuongeza makaa, naye ati akatikisa kichwa kusikitikia uvivu wa watu. Mchwe! Huo wa pili.

Nilinyamaza kwa sababu lile neno "wote" lilinichoma kama mwiba wa tasi. Na kwa sababu nyingine: mmoja wa watu nitakaowasema hupita njia hii hii ya kuteremkia feri, na nyinyi humuamkia kila jioni wala hamumjui. Leo nitasema, lakini majina hamtoi kwangu.

Mwakumbuka bodaboda iliponivunja mfupa wa paja nikalazwa wiki sita. Hospitali yenyewe siitaji; anayeijua anaijua, na asiyeijua haitampunguzia usingizi. Mguu ulifungwa kamba, kamba ikapita juu ya gurudumu dogo kule mwisho wa kitanda, ncha yake ikaning'inizwa mfuko mzito. Nikaanikwa pale kama ng'onda. Kitanda changu kilikuwa cha kwanza kutoka meza ya wauguzi, na mtu asiyekuwa na pa kutazama ila dari na meza, meza na dari, wiki sita nzima, huijua ile meza kuliko nyumba yake. Droo ipi haifungi. Kalamu ipi imekauka. Nani anakaa na nani hakai.

Usiku, zamu ilikuwa ya watu wawili. Vitanda 32, mifupa na matumbo tumechanganywa pamoja, na usiku mmoja nilihesabu wagonjwa 41, wengine wamelala mzungu wa nne kitanda kimoja. Muuguzi wa kwanza nilimpa jina Sista wa Mbio, kwa vile viatu vyake vya mpira vilivyokuwa vikilia sakafuni nyi-nyi-nyi toka magharibi mpaka alfajiri. Wa pili nilimwita Bi Chaja. Wodi nzima ilikuwa na tundu moja tu la stima la kuaminika, lile la ukutani nyuma ya meza, na yeye alikuwa amelikalia kama kuku aatamiaye. Simu iko kwenye waya, waya uko ukutani, naye yuko kwenye simu. Kumtoa pale ungelazimika kukata stima ya Likoni nzima.

Wakiingia saa kumi na mbili na nusu jioni, hupokea ripoti kitanda kwa kitanda. Wa mchana husema: huyu kapasuliwa jana, huyu presha yapanda, huyu hajakojoa. Sista wa Mbio alikuwa akiandika kwenye kipande cha karatasi alichokikunja mara nne, maandishi madogo kama ya hirizi, akakitia mfukoni. Bi Chaja aliitikia "mm", akifika kitanda cha kumi "mm" zake zimeshaanza kupiga miayo. Ripoti ikiisha, mmoja hushika toroli la dawa, lile lenye gurudumu lisilozunguka, ambalo lazima uliburute kama mbuzi wa Idi. Mwingine hutafuta waya wake.

Sasa nataka mtazame kitu kimoja kwa karibu, kwa kuwa nyinyi mkisema "kazi ya nesi" mwafikiria sindano na ukali. Chukua dripu. Chupa ya maji lita moja, daktari ameandika iishe kwa saa nane. Ule mpira hauna mita. Huhesabiwa matone. Mpira wa aina ile matone 20 ni mililita moja, basi lita ni matone 20,000. Yagawe kwa dakika 480, wapata matone 42 kwa dakika, ukikaribisha. Sista wa Mbio alikuwa na saa ndogo iliyobanwa kifuani kichwa chini miguu juu, ili yeye akiinama aisome sawasawa. Huinama, kidole gumba juu ya kile kigurudumu cha kubania mpira, midomo yacheza bila sauti. Robo dakika. Akipata kumi, kumi na moja, yuko sawa, huyoo kitanda cha pili. Usiku mmoja dripu zilikuwa kumi na moja. Akimaliza ya kumi na moja, yule wa kwanza amejigeuza usingizini, mkono umekunjika, matone yamesimama. Arudi. Nyi-nyi-nyi-nyi.

Na hizo ni dripu tu. Sijataja presha na joto vya kila saa nne, sindano za saa sita usiku, yule aliyetapika, yule anayetaka chupa ya mkojo, na yule mzee wa kitanda cha 14 aliyekuwa akiita "mama" usiku kucha. Hakuwa akimwita nesi. Alimwita mamake, na mamake alikwisha kufa zamani. Sista akipita alikuwa akiitika, "Labeka babangu, nipo," akapita. Mzee akatulia kwa muda, kisha tena.

Kila tarehe 12 Mei wauguzi husherehekea siku yao, ndiyo siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820. Yule mama alikwenda Scutari mwaka 1854, huko ng'ambo ya mlango wa bahari kutoka Istanbul, ng'ambo hasa kama sisi tulivyo na kisiwa, akawa azunguka usiku na taa mkononi kuwatazama askari waliojeruhiwa. Ndiyo maana siku hiyo utaona wauguzi wamewasha mishumaa. Bi Chaja naye mwanga alikuwa nao usiku kucha. Tofauti ni kwamba wake ulikuwa ukimmulika yeye.

Sasa ngojeni, kabla hamjacheka mkaona nimeafikiana na yule jirani. Nyinyi mwadhani mmoja akitegea, mwenzake hufanya kazi ya wawili, basi. Sivyo. Kuna kazi za wodini hazigawanyiki. Yule wa kiharusi aliyekuwa hawezi kujigeuza, lazima ageuzwe kila saa mbili, la sivyo mgongo unaota vidonda. Huyo ni wa watu wawili, mmoja huku mmoja kule. Damu ya kuongezwa, lazima wawili wasome pamoja jina na namba ya mfuko na ya faili, kwa sababu jicho moja hukosea. Ile dawa kali ya maumivu, mofini, hukaa kabati ndani ya kabati, na daftari lake lataka saini mbili. Dukani, wawili ukitoa mmoja wabaki mmoja. Wodini wawili ukitoa mmoja wabaki na chini ya mmoja, na hicho kilichobaki ndicho kinachotembea na sindano.

Daftari la mofini nililiona kwa macho yangu likimwendea Bi Chaja pale alipo. Yeye hakuliendea. Kalamu ikamwendea vilevile, imefunguliwa kifuniko kabisa. Akasaini huku jicho liko simuni. Saini mbili zikakamilika, macho yakabaki mawili yale yale ya Sista wa Mbio, mekundu. Na yule wa kiharusi? Sista alijifunza kumgeuza peke yake kwa shuka. Humkunja mguu mmoja juu ya mwingine, hushika ncha za shuka, hukaza goti lake kwenye chuma cha kitanda, husema bismillahi, huvuta. Mzee mzima wa kilo tisini hugeuka kama mkate wa sinia. Nikamuuliza, "Sista, mgongo wako je?" Akanambia, "Mgongo wangu hauko kwenye ripoti."

Mchwe! Huo nimemfyonyea yeye pia. Mtu wa kumaliza kazi zote hana budi kumlea mvivu. Mwenzake amepata wapi kujua kwamba kazi hufanyika hata asiponyanyuka? Kwake. Na sisi wagonjwa tulishiriki. Bi Chaja yuko hatua mbili kutoka kitandani kwangu, Sista yuko mwisho wa wodi ameshika trei, na mimi nataka chupa ya mkojo. Nikamwita nani? Nilimpita aliye karibu kwa sauti, nikamwita aliye mbali. Sote tulikuwa tukifanya hivyo. Kadiri alivyokimbia ndivyo tulivyomkimbiza.

Katika wiki zile sita nilisoma kila kilichoandikwa, hata sanduku za dawa, na katika gazeti moja kuukuu nikakutana na Mfaransa, Max Ringelmann, mhandisi wa mambo ya kilimo, ambaye matokeo yake yalichapishwa mwaka 1913. Aliwavutisha watu kamba, mmoja mmoja kisha kwa makundi, akawapima. Walipokuwa wanane, kila mmoja alivuta karibu nusu tu ya nguvu alizovuta alipokuwa peke yake. Nikacheka mpaka mfuko wa mguu ukayumba. Sisi watu wa pwani twahitaji Mfaransa kutuambia hayo? Neno "harambee", kabla halijaandikwa kwenye ngao ya taifa, lilikuwa wito wa watu wanaovuta mzigo, na mtu yeyote aliyewahi kusaidia kupandisha mashua ufuoni ajua kwamba anayepaza "harambee" kuliko wote, mikono yake imeshikilia kamba kama ashikaye ushungi. Feri yetu moja ilipewa jina hilo. Sisemi kitu.

Lakini mlione hili. Walipokuwa wawili, wale watu wa Ringelmann walipunguza kidogo sana. Kwa sababu wawili hawana pa kujificha. Mvivu wa watu wanane hujificha ndani ya kelele. Mvivu wa watu wawili hata kipofu amuona. Na Bi Chaja hakuwa akijificha. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi kuliko mguu. Alikaa pale peupe, mbele ya kitanda changu, kama mtu aliyetandika biashara.

Sasa sogeeni.

Usiku mmoja, saa tisa, aliletwa na gari kijana wa kuharisha na kutapika. Macho yamezama, midomo imepauka, ngozi ya tumbo ukiibana yasimama pale pale haishuki. Amekauka. Kijana kama huyo mishipa yake hujificha, yasinyaa kabisa, na pasipo mshipa hakuna dripu. Sista wa Mbio akajaribu kwenye kiwiko. Haikukubali. Akajaribu mgongo wa kiganja. Haikukubali. Alikuwa na saa nane unusu miguuni, na nikaona kitu ambacho sikukiona siku zote: vidole vyake vilikuwa vikitetemeka. Akasimama. Akamwita mwenzake kwa jina, mara moja tu, si kwa ukali.

Bi Chaja akachomoa vile vya masikioni, kimoja, kingine. Akaweka simu kifudifudi. Akaenda kwenye bomba akanawa mikono, polepole, katikati ya vidole, kwenye kucha. Nikasema moyoni, huyu anakoga? Akavaa glavu, akafunga mpira juu ya mkono wa kijana, akaweka ncha ya kidole upande wa kidole gumba, juu kidogo ya kifundo, halafu akatazama dari. Wallahi nawaambia, dari! Kidole kikatafuta peke yake. Kikasimama. Akashusha macho, sindano ikaingia imelala, na tone la damu likachungulia kwenye kikonyo cha kanula. Akabandika plasta. Akasema, "Fungua yote." Muda wote huo, tangu mpira kufungwa mpaka plasta, huyu muuza kahawa angekuwa hajamaliza kusuuza finjani moja.

Kisha akavua glavu, akarudi kwenye waya wake.

Hapo ndipo nilipokasirika kwa kweli. Mvivu asiyejua kitu namuelewa, pengine hata namshukuru. Ukimnyanyua ataharibu, bora akae. Lakini mikono ile! Kuwa na mikono ile, kisha usiku kucha uishikishe simu! Nilifyonya kwa sauti mpaka kitanda cha tatu wakadhani nimeomba maji.

Alinisikia. Usiku uliofuata, kama saa kumi, Sista akiwa kule mwisho na toroli lake, Bi Chaja alinigeukia bila kunyanyuka. "Wewe wa kitanda cha kwanza, wafyonya sana." Nikamwambia kinachonifyonyesha anakijua. Akanyamaza, halafu akaniambia alikuwa na viatu vya kulia kama vya mwenzake, miaka kumi na mbili. Mwaka 2013 huduma za afya zikatoka serikali kuu zikaja kwa kaunti, wakaambiwa mambo yatakaa sawa. Mwaka 2017 wakagoma nchi nzima, wakaanza tarehe 5 Juni, wakarudi tarehe 2 Novemba. Miezi mitano. "Niliporudi nilikuta mwanangu karudishwa nyumbani kutoka skuli, na mwenye nyumba amegeuza kufuli. Nikaingia zamuni, nikakaa. Nilitaka nione nani atagundua." Akacheka kidogo. "Mshahara wangu haukupungua. Wa huyu anayekimbia haukuongezeka. Sasa mjinga ni nani hapo, baba?"

Nilimhurumia, sitawaficha, kwa muda wa kama matone kumi ya dripu. Kisha yule mzee wa kitanda cha 14 akaita "mama", na Bi Chaja akarudisha vile vya masikioni. Kesi yake ilikuwa na mwajiri. Mwajiri amelala nyumbani kwake na neti na feni, hasikii kitu. Anayelipa faini ni mzee wa 14, na yule mwingine wa viatu vya kulia. Nakataa hesabu hiyo, hata aitetee kwa machozi.

Na si kwamba wakubwa hawakujua. Metroni alimwandikia barua ya onyo. Niliiona. Alikuwa ameikunja mara tatu, akaifanya ya kuegemezea simu isianguke.

Haya, nimesema. Sasa nyinyi.

Fundi wa redio ndiye wa kwanza, kama kawaida yake. Afukuzwe kazi, akasema, leo leo. Nikamuuliza aje nani? Akasema wapo. Na kweli wapo, tena mmoja alikuwa ameegemea pikipiki yake hapa hapa akitusikiliza, hajanena neno toka alasiri. Huyu kijana wetu mnayempigia simu awaletee unga ana diploma ya uuguzi. Mlikuwa hamjui? Mimi pia nilijua jana tu. Kasoma miaka yake, kafanya mtihani wa baraza la wauguzi, kapata namba, na namba iko ndani ya bahasha chini ya godoro.

"Mwaka 2021 Kenya iliandikiana na Uingereza kupeleka wauguzi huko," akasema, huku afuta kioo cha upande. "Na Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2025, dunia nzima imepungukiwa na wauguzi milioni 5.8. Milioni, mzee wangu. Na mimi nabeba ndizi kutoka sokoni Likoni. Yeye amekaa kwenye kiti, mimi nimekaa kwenye pikipiki. Sote twangoja." Hakusema wangoja nini.

Pakawa kimya. Mzee wa Nevi, ambaye jana alikuwa akitosa watu baharini, akakohoa. Akasema melini mlinzi wa zamu akilala, hata kama amechoka, hata kama amedhulumiwa, ana kosa. Lakini na nahodha anayepanga walinzi wawili pale panapotaka sita ana kosa kubwa zaidi, na yeye katika maisha yake ameona wengi wa wale wa kwanza wakiadhibiwa. Akatazama kule bondeni, kwenye maji. Hapa Mtongwe hatufundishani habari ya mzigo kupita kiasi. Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, feri iliyoruhusiwa watu 300 ilipakia zaidi ya 400, ikapinduka ufuo uko pale waonekana. Watu 272. Hapa benchini kuna wawili waliozika siku ile. Kwa hivyo mtu akisema chombo kimeelemewa, sisi hatuyachukulii kuwa ni maneno ya kunogesha kahawa, na mzee hakuongeza kitu, nasi hatukumuuliza.

Aliyetutoa kwenye kile kimya ni mama wa viazi karai. Mwamjua, hana subira na wanaume waliokaa. Alikuwa akitia viazi mafutani, akageuka na kijiko cha matundu mkononi, mafuta yakidondoka.

"Nyinyi!" akasema. "Nyinyi leo ndio mahakimu wa uvivu? Toka saa nne asubuhi mko hapo. Kivuli kikihama mwahama nacho. Huyo mwanamke wa simu angalau ana kiti cha serikali. Nyinyi hata benchi ni la msikiti."

Mchwe! Huo hatukuutoa sisi. Tulitolewa. Muuza kahawa akanyanyuka ghafla kuongeza makaa, mara ya kwanza tangu Idi. Jirani aliyeanzisha haya yote, yule wa "wote wavivu", akakumbuka kwamba mkewe bado yuko hospitali na chakula cha jioni hakijapelekwa.

Naam, na sasa tazameni njiani, lakini msigeuke nyote kwa pamoja kama kuku. Yule pale, mwenye mkoba mweusi na buibui juu ya sare, anayeteremka kwa haraka. Viatu vyasikika? Kwenye mchanga havilii. Vikifika sakafuni vitalia. Yuaenda zamu ya usiku, na kabla ya zamu hupitia hapa kwa mama wa viazi. Kila siku mwamwambia "habari ya jioni, dada" na yeye huwaitikia "nzuri" bila kusimama. Ndiye.

Alipofika nilimwamkia, nikauliza mgongo. Akasema upo. Akanitazama mguu, akanambia nautembelea vibaya, naegemea kushoto, nisiache fimbo mapema. Kisha akamwambia mama wa viazi amfungie karatasi mbili, na ukwaju mbali.

"Mbili leo?" mama akauliza. "Una mgeni?"

"Moja ya mwenzangu. Tuko naye tena wiki hii."

Benchi zima likashusha pumzi. Fundi wa redio hakuweza kujizuia. "Dada, samahani. Huyo mwenzako, yule wa simu, nasikia hanyanyuki. Na bado wamnunulia viazi?"

Alinigeukia mimi kwanza, jicho moja tu, likanitosha. Halafu akahesabu noti, akamlipa mama, akazipanga zile karatasi mbili ndani ya mkoba zisimwagike.

"Akishiba hulala," akasema. "Akiwa na njaa hulala vilevile, lakini hunung'unika, na wagonjwa wangu hawapati usingizi."

Akatazama saa yake ya kifuani, kichwa chini miguu juu. Kijana wa bahasha akawasha pikipiki bila kuitwa, akampa kofia ya chuma. Akakaa nyuma kiupande, mkoba mapajani, akatufyonyea wote kwa pamoja, mfyonyo mmoja mrefu, wa kitaalamu, ambao mimi miaka yangu yote hapa maskani sijawahi kuufikia. Huo sikuuhesabu. Pikipiki ikateremka.